Vitu vya mtoto na vya nyumbani: maoni yangu ya kweli baada ya kulea watatu (uzi mrefu)

Habari za humu wakuu, wamama kwa wababa.

Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, mtoto wa kwanza. Wiki iliyopita alinitumia kwenye simu orodha ya vitu vya kununua, aliyopewa na rafiki yake wa kazini. Vitu 43. Kuna mashine ya kupashia chupa, kuna woka, kuna mito mitatu ya kichwa, poda za aina mbili, viatu vya mtoto ambaye hajui hata kugeuka. Chini kabisa kaandika: "Dada, nikivikosa hivi watu watanionaje?" Swali hilo liliniuma. Nikachukua kalamu nikaanza kukata, na kabla sijamrudishia nikaona bora niandike hapa, maana najua wapo wengi wanaoingia Kariakoo na orodha ya namna hii mkononi na mkopo wa kikoba mfukoni.

Mimi ni mama wa watatu, tunaishi Tabata. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili 6, kitinda mimba ana miaka miwili na nusu. Siuzi chochote wala silipwi na mtu. Bidhaa iliyonisumbua mwenyewe sitaitaja jina, kwa sababu nilichokipata mimi siyo lazima ndicho utakachokipata wewe. Nitaeleza kasoro yenyewe ili ukikutana nayo uitambue.

Nianze na PAMPASI, maana ndiko pesa inakoishia.

Kwa mtoto wa kwanza nilinunua za bei kubwa kuliko zote dukani, nikiamini ndiyo mapenzi. Kwa wa pili mambo yalikuwa magumu, nikawa nachukua moja moja kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Kwa wa tatu nikasema ngoja nijue ukweli. Nilikusanya aina nne, nikazipanga mezani, nikamimina kikombe kimoja cha chai cha maji kwenye kila moja. Nikangoja dakika tano, kisha nikakandamiza tishu juu yake. Ya bei kubwa ilitoa tishu kavu. Ya bei ya kati nayo ikatoa kavu vilevile. Moja ya bei ya chini ilikuwa na unyevu kidogo, na moja tishu ilirowa kabisa, na nilipoibana pembeni ikapasuka, zikatoka zile chembechembe za jeli zinazovimba kwa maji. Hizo ndizo zilikuwa zinamganda mwanangu wa pili mapajani, mimi nikidhani ni ukurutu. Jaribio hilo linahitaji pampasi moja tu ya kila aina, na unaweza kulifanya kabla hujanunua katoni.

Halafu kuna hesabu ya rejareja. Kwa Mangi nilikuwa nanunua moja kwa 600. Pakiti ya 50 nilikuwa naipata kwa 22,000, yaani 440 kila moja. Tofauti ni 160. Mtoto anatumia tano kwa siku, hiyo ni 800, na kwa mwezi ni 24,000. Nilikuwa napoteza pakiti nzima kila mwezi kwa sababu tu sikuwa na 22,000 kwa mkupuo. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza amletee mzazi zawadi gani, namwambia pakiti kubwa ya pampasi, tena saizi inayofuata, siyo ile ya mtoto mchanga ambayo baada ya wiki chache haimtoshi. Na saizi tazama kilo, usitazame umri. Kilo za mtoto zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na pakiti nayo imeandikwa kilo.

Jambo jingine nililochelewa kulijua: upele mwingi haukutokana na pampasi yenyewe, ulitokana na mimi kumuachia mpaka asubuhi, na zile tishu majimaji zenye manukato. Nilipohamia pamba na maji ya uvuguvugu, nikamuacha matako wazi robo saa kila mchana juu ya kanga iliyokunjwa, ngozi ikatulia ndani ya siku tatu.

Mchana akiwa nyumbani tulitumia nepi za kitambaa, dazeni mbili, za kufunga na pini. Ni nzuri kama una maji na jua. Ule msimu bomba lilipokaa siku tano bila kutoa maji, nepi zilinishinda na sioni aibu kusema. Na pampasi iliyotumika, kinyesi kimwage chooni kwanza, ndipo uifunge uitupe na taka. Usiitumbukize kwenye choo.

PODA ndiyo niliyoikata kwanza kwenye orodha ya mdogo wangu. Najua bibi zetu wametupaka, najua harufu ya mtoto aliyeogeshwa akapakwa poda. Lakini nendeni mkaangalie shingo ya mtoto jioni: ile poda imechanganyika na jasho imekuwa uji mkavu kwenye mikunjo, na chini yake ngozi ni nyekundu. Tena vumbi lake mtoto analivuta hadi kwenye mapafu, ndiyo maana madaktari wa watoto hawaitaki, iwe ya talki (unga wa jiwe laini) au ya wanga wa mahindi. Kuhusu talki yenyewe, Johnson & Johnson walitangaza mwaka 2020 kuacha kuiuza Marekani na Kanada, na 2023 wakaiacha duniani kote. Mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) likaiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani. Mkaushe mtoto kwa taulo laini kwenye mikunjo. Basi.

WOKA. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Wa kwanza nilimnunulia, kile kigari cha duara chenye magurudumu anachokalishwa mtoto katikati. Alikuwa na miezi tisa. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na baraza yenye ngazi tatu kushuka uani. Nilikuwa naosha vyombo, nyuma yangu nasikia magurudumu yanakimbia kwenye sakafu ya vigae, krrrr, halafu kimya, halafu kishindo. Hatua zangu hazikuzidi nne kutoka pale nilipokuwa. Nne. Alipasuka mdomo wa chini, kovu analo hadi leo. Sikuwa nimemuacha peke yake, nilikuwa pale pale, lakini mtoto ndani ya woka anakwenda kwa mwendo ambao miguu yake mwenyewe isingempa.

Kanada ilipiga marufuku kuuza na kuingiza vigari hivyo mwaka 2004, hata vya mtumba haviruhusiwi. Na wala havimharakishi kutembea, kwa sababu anajisukuma kwa ncha za vidole bila kujifunza kujibalansi. Wa pili na wa tatu walisukuma kiti cha plastiki. Baadaye fundi seremala wa mtaani alinitengenezea kigari cha mbao cha kusukuma kwa nyuma, kizito, na wote wawili walitembea bila kuchelewa.

MBELEKO. Kwenye ile orodha kulikuwa na kibebeo cha mikanda cha bei ya kutisha. Nilijaribu kimoja cha kuazima: miguu ya mtoto ilining'inia wima kama suruali kwenye kamba. Mtoto akiwa mgongoni kwenye kanga, mapaja yanapanuka kuzunguka kiuno cha mama na magoti yanapanda juu, na huo ndio mkao unaofaa nyonga zinazokua. Kama unataka cha mikanda, tafuta chenye kitako kipana kinachoshika kutoka goti hadi goti. Mtoto mchanga mbebe kifuani hadi shingo ikaze, uso wake uuone, kidevu kisizame kifuani. Doti moja ya kanga nzuri za pamba, siyo zile za nailoni zinazoteleza, inakupa mbeleko, shuka, na kivuli cha kunyonyeshea kwenye daladala.

CHUPA. Nilirudi kazini mtoto akiwa na siku 84, ndivyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyotupa, na kliniki wanasema maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Mama anaachiwa aunganishe mwenyewe hizo hesabu mbili. Nilinunua chupa nne. Chuchu zake zilikuwa na kona ndani ambazo brashi haifiki, na dada wa kazi alikuwa anaziosha kwa sabuni na maji ya bomba, anaona zinang'aa. Mtoto akaharisha mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Muuguzi wa kliniki akaniambia: mama, achana na chupa, mlishe kwa kikombe.

Sikuamini. Mtoto wa miezi mitatu, kikombe? Akanionyesha palepale. Unamkalisha wima mapajani, unagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, unainamisha mpaka maziwa yafike ukingoni, halafu unatulia. Humimini. Yeye mwenyewe anatoa ulimi na kulamba kama paka. Nilitumia vikombe vidogo vya kahawa, vile vya kaure vya barazani. Havina kona, vinachemshwa kwenye sufuria, na ukivunja kimoja unanunua kingine. Maziwa nilikuwa nakamua kazini, nayaweka kwenye kideli kidogo chenye barafu. Kwenye joto letu la Dar usiyaache mezani hata hizo saa nne wanazozitaja wataalamu, kwa sababu wanazungumzia chumba cha baridi. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Na wamama wa kazini, sheria hiyohiyo inakupa muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Ombeni kwa maandishi.

UNGA WA LISHE. Najua hapa nitawakwaza baadhi.

Ule unga wenye nafaka kumi na mbili, mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga, dagaa, vyote vimesagwa pamoja na kufungwa kwenye mfuko wenye picha ya mtoto mnene. Nililea wa kwanza nao. Siku moja nilifungua mfuko mpya, nikasikia harufu kama ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa siku nyingi. Nikaonja kwa ncha ya ulimi: chungu. Karanga zilikuwa zimechacha ndani ya unga. Nikiziona karanga nzima, nachambua zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye rangi ya kijivu. Zikishasagwa nitachambua nini?

Na hofu kubwa zaidi ni sumukuvu. Kuvu wanaomea kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri wanatoa sumu ambayo haiishi kwa kuchemsha. Kenya mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufa 125, kwa mahindi ya nyumbani kwao. Kwetu mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara. Hiyo ni sumu nyingi kwa mara moja. Mtoto anayekunywa uji huo huo mara tatu kwa siku, miezi kumi na minane, anapata kidogo kidogo. Soya nayo isipopikwa au kukaangwa kabla ya kusagwa ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, yaani unaongeza soya mtoto apate nguvu, kumbe unamnyima.

Ninachofanya sasa: nafaka moja, mara nyingi ulezi niliouosha na kuukausha mwenyewe, au mahindi niliyochambua. Nasaga kilo mbili tu kwa wakati mmoja. Uji ukiiva naongeza kimoja: siagi ya karanga niliyotwanga wiki hiyo, au kijiko cha dagaa waliooshwa, kukaangwa na kutwangwa, au yai, au parachichi. Kesho kingine. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usikimbie. Asali usimpe kabla ya mwaka mmoja.

CHANDARUA kamwe usikikate kwenye orodha, ila usikinunue kabla hujauliza kliniki. Mjamzito anapewa hudhurio la kwanza, na mtoto anapewa anapochomwa sindano ya kwanza ya surua. Wakubwa zangu watakumbuka hati punguzo, ile vocha ya kununulia chandarua kwa bei nafuu, ilianza 2004. Sasa unapewa chandarua chenyewe, na vingi vinatengenezwa Arusha hapa hapa. Kabla ya kukitumia kianike kivulini siku nzima kipigwe upepo. Kukifua tumia sabuni ya mche, siyo ya unga wala jiki, na ukianike kivulini, maana jua linaua dawa. Nilimkuta jirani yangu kakianika juu ya bati saa saba mchana kwa nia njema kabisa. Vile vijichandarua vya mwavuli vya kufunika mtoto kitandani vinapendeza, lakini vingi havina dawa, na mkono wa mtoto ukigusa wavu mbu anamuuma kwa nje.

Zile dawa za mbu za kuchoma, za duara, nimeziondoa kabisa. Utafiti uliochapishwa 2003 ulipima moshi wa moja ukakuta chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Chumba cha futi kumi kwa kumi, dirisha limefungwa, na kichanga ndani.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha yoyote, na ndicho kilichonifanya nitetemeke nikiandika.

Mwaka jana mwezi wa nane gesi iliisha katikati ya mwezi. Nikalitoa jiko la mchina stoo, nikamtuma kijana mafuta ya taa. Akarudi nayo kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, kama sote tunavyofanya. Nikaiweka sakafuni pembeni ya jiko. Kitinda mimba wangu alikuwa na mwaka na miezi minane. Anaijua chupa ile, maana kila siku tunampa maji humo humo. Niligeuka kuchukua kiberiti. Nilipogeuka tena alikuwa anakohoa, chupa imemwagika kifuani, macho yamemtoka, na harufu ya mafuta iko mdomoni mwake.

Wifi yangu alikimbilia maziwa. Jirani akasema mtie kidole atapike. Nilikumbuka kitu kimoja tu, sijui nilikisikia redioni au wapi, kwamba mafuta ya taa hayatapishwi. Nikakataa vyote viwili, nikamvua nguo, nikamfuta, nikapanda naye bodaboda. Hospitali daktari aliniuliza swali la kwanza: mmemtapisha? Nikasema hapana. Akasema, afadhali, mama. Akanieleza kwamba tumboni mafuta hayo hayana kishindo kikubwa, hatari ni yakiingia kwenye mapafu, na mtoto akitapika ndipo yanapopita njia hiyo. Maziwa nayo yanaleta kutapika. Walimpiga picha ya kifua, wakamuweka chini ya uangalizi saa sita, wakihesabu anavyopumua. Nilihesabu nao. Tulirudi nyumbani saa tano usiku, kalala begani, nywele bado zinanuka taa.

Wala haikuwa bidhaa mbovu. Mafuta yalikuwa mazuri, na chupa ilikuwa nzuri. Ubaya ulikuwa kuviweka pamoja. Angalieni nyumba zenu leo: jiki imo kwenye chupa ya soda, sabuni ya maji ya kupima imo kwenye chupa ya juisi, na dawa ya panya imo kwenye kopo la chumvi.

Nimeishia hapo. Mwenye swali aulize, nikijua nitajibu.

---

Mama Pacha: Dada asante. Mimi nilipata siku 100 kwa kuwa ni pacha, lakini maziwa hayakuwatosha wote wawili, ikabidi maziwa ya kopo. Nikisoma hapo kwenye chupa najisikia vibaya.

Mwenye uzi: Mama Pacha, usijisikie vibaya hata kidogo. Maziwa ya kopo yana wenyewe wanaoyahitaji, na wewe ulikuwa mmoja wao. Ninachokipinga ni kuuziwa kama ndiyo ujanja wa mjini. Tangu 1981 WHO wana kanuni ya kuzuia kuyatangaza, sisi tulipata kanuni zetu 1994, Wakenya wana sheria ya 2012. Hata ya kopo unaweza kuyatoa kwa kikombe. Kikubwa pima kijiko chake kama kopo linavyosema, usizimue ili lifike mwisho wa mwezi, na yaliyobaki mwaga.

Msagishaji wa Mbezi: Mkuu umetuharibia biashara. Mimi nauza unga wa lishe mwaka wa nne sasa, karanga nachambua kwa mkono, soya nakaanga, na nimepitia TBS, shirika la viwango. Siyo wote wababaishaji.

Mwenye uzi: Kaka, nashukuru umejitokeza, na naamini unachosema. Basi waambie wateja wako haya matatu kwenye mfuko: tarehe uliyosaga, kama soya ilikaangwa, na kwamba ukifunguliwa utumike ndani ya wiki chache. Na nakuomba ufikirie kuuza karanga pembeni, kifuko chake, mama achanganye mwenyewe kila akipika. Mimi ningekuwa mteja wako wa kwanza. Kwa wanaosoma: tangu Julai 2019 usalama wa chakula na vipodozi uko TBS, siyo ile TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) tuliyoizoea, kwa hiyo alama ya kutafuta kwenye mfuko ni ya TBS.

Binti wa Mwembetanga: Mama mkwe anasisitiza mtoto apakwe wanja machoni na kwenye nyusi. Nimkatalie vipi bila ugomvi?

Mwenye uzi: Mdogo wangu, wanja nyingi za unga zina madini ya risasi, na mtoto anajifikicha macho kisha anaweka mkono mdomoni. Risasi inaharibu ubongo unaokua. Mimi sikumkatalia mama mkwe. Nilimpeleka kliniki siku ya kupima uzito, nikamuuliza muuguzi mbele yake. Akajibiwa kwa heshima, na yeye ndiye akawa anawakataza wengine. Jaribu hivyo.

Baba wa Pongwe: Sista, mimi ni baba, mke wangu yuko safarini na nimebaki na mapacha wa miaka mitatu. Gesi je? Nina ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kukalia juu yake.

Mwenye uzi: Kaka hongera kwa kubaki nao. Huo mtungi wa jiko juu, mimi na watoto wadogo siutaki sakafuni. Sufuria ya maharage iko juu, mtungi ni mwembamba, na mtoto akiukumbatia unainama. Kama huwezi kununua jiko la mezani na mpira kwa sasa, uweke kwenye kona, uzingire kwa matofali pande mbili, na upike watoto wakiwa nje ya mlango.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutanda chini, pale pale watoto wanapochezea. Ile harufu wameitia makusudi ili ujue. Ukiisikia usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto. Kupima kama inavuja, tia povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu yanayokua kuna tatizo. Usiku funga kwenye mtungi wenyewe, siyo kwenye jiko tu, maana vitufe vya jiko watoto wanavizungusha.

Na kwa kuwa ni miaka mitatu, kagua vitu vya kuchezea vinavyoimba na rimoti. Zile betri bapa kama sarafu, mtoto akimeza moja ikakwama kooni inaunguza nyama ndani ya saa mbili tu. Haijalishi kama betri ilishaisha nguvu. Kifuniko kisichofungwa kwa skrubu, mimi nakizungushia tepu ya fundi umeme, na kama hakikazi natupa kitu kizima. Ukihisi tu kwamba amemeza, usisubiri aipitishe, nenda hospitali.

Baba wa Pongwe: Nimesoma nikainuka hapa hapa. Nimekuta chupa mbili za mafuta ya taa chini ya meza ya jikoni, moja ya soda ya machungwa. Nimezimwaga kwenye dumu moja, nimeandika kwa kalamu kubwa MAFUTA YA TAA.

Mwenye uzi: Umefanya vizuri sana kaka. Ila wana miaka mitatu, hawajui kusoma. Dumu likaze kifuniko, liweke juu ya kabati wasipofika hata wakipanda kiti, na zile chupa mbili zitoboe kwa msumari kabla ya kuzitupa.